Ushuhuda wa Asiyepona

Sijawahi kusimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Nimeimba kwaya, nimesoma masomo, nimefundisha shule ya Jumapili, hata risala ya harambee ya paa nimewahi kuisoma. Ushuhuda, hapana. Kwa utaratibu tuliouzoea, ushuhuda una hatua tatu: niliumwa, nikaombewa, nikapona. Mimi ninazo mbili za mwanzo. Ya tatu haijafika, na kwa jinsi madaktari wanavyoueleza ugonjwa wangu, huenda isifike upande huu wa kaburi.

Nina selimundu. Nimezaliwa nayo hapahapa Tabora, mtaa wa Cheyo, na nimekaa nayo hadi umri ambao watu walimwambia mama yangu bila kupepesa macho kwamba sitaufikia. Nayaandika haya kwa ajili ya Wakristo wenzangu, wanaoumwa na wanaowauguza, kwa sababu naona tunajua sana kumshangilia aliyepona ila kukaa na asiyepona kunatushinda. Kipaza sauti kikiwa cha waliopona tu, anayeendelea kuumwa anapata ujumbe bila kuambiwa: ama apone haraka, ama adanganye.

Na wengi wanadanganya. "Dada, unaendeleaje?" "Nimepona kwa jina la Yesu!" Huku amejishikiza ukutani.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana wengi wanausikia kwa jina tu. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za duara, laini, na huishi kama siku 120. Zangu zikipungukiwa na hewa ya oksijeni hujikunja zikapata umbo la mundu, zikakakamaa, zikakwama kwenye mishipa midogo. Tena hazidumu: siku 10 hadi 20 zimekwisha. Ndiyo maana damu yangu ni pungufu mwaka mzima na macho yangu ni ya njano, kiasi kwamba nikiwa sekondari kuna mwalimu aliyeamini navuta kitu. Na pale chembe zinapokwama, mfupa wa upande ule unakosa hewa. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, na hapo ndipo maneno yanapoishia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Vichocheo vyake ni vitu ambavyo mwenzangu mzima havioni hata kama vipo: baridi, kiu, homa ndogo, uchovu. Alfajiri za Juni na Julai hapa Tabora si za mchezo kwangu. Na kiu! Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajavutwa hadi huku, tulikuwa tunakaa na mgao unaoweza kuruka wiki. Mama alikuwa na dumu moja la njano chini ya kitanda chake, limefunikwa kwa gunia, na kila mtu pale nyumbani alijua kwamba hata mgeni wa heshima akija, maji yale hayaguswi. Lilikuwa langu la kunywa. Wadogo zangu walikuwa wanaoga kwa kopo ili mimi ninywe mpaka nishibe. Nikisikia mtu anahubiri upendo, picha inayonijia kichwani ni lile dumu.

Nchini Tanzania inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Ni miongoni mwa idadi kubwa kabisa duniani, na wasipogunduliwa mapema wengi hawafiki miaka mitano. Kwa hiyo ukiwa kwenye ibada yenye watu wengi, jua kuna mama ndani ya jengo hilo ambaye usiku uliopita hakulala, akimkanda mtoto miguu.

Swali la kwanza ambalo ukoo uliuliza nilipoanza kuvimba vidole nikiwa mchanga halikuwa "ana nini?" Lilikuwa "nani kafanya?" Upande wa baba walisema kwa mama kuna mkosi. Upande wa mama walimtaja shangazi mmoja ambaye sasa ni marehemu, sina sababu ya kumrudia. Walokole wa mtaani walisema kuna mlango uliachwa wazi kwa Shetani. Baba alipata kazi Mpanda, akaenda, na tangu hapo salamu zake hutufikia kwa watu. Nikija kusoma Yohana sura ya 9 nikiwa binti mkubwa nilicheka peke yangu: wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao hawaulizi amekula nini au analala wapi, wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Nikasema, kumbe ukoo wetu umo kwenye Biblia.

Wahubiri huikimbilia nusu ya pili ya jibu la Bwana, kuhusu kazi za Mungu kudhihirishwa, kwa kuwa mbele kidogo kipofu anaona. Mimi hubaki kwenye nusu ya kwanza. Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Hayo aliyasema kabla hajatema mate chini, kabla ya tope, kabla kipofu hajatumwa Siloamu. Mashtaka yalifutwa wakati mgonjwa bado ni mgonjwa. Kama muujiza usingetokea siku ile, hukumu ile ingebaki palepale.

Na sayansi kwa upande wake imefuta mashtaka kwa namna ambayo mpaka leo inanipa mawazo. Wazazi wangu wote wawili wamebeba nusu ya selimundu, yaani kila mmoja amerithi kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, bila kuumwa. Wazazi wa aina hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto kama mimi. Hakuna aliyefanya. Mwaka 1954 daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba anayebeba nusu ile anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Ndiyo sababu ugonjwa umejaa kwenye nchi za mbu kama yetu. Maana yake kuna mababu na mabibi wa ukoo wetu waliovuka utoto salama, wakaoa na kuolewa, wakazaa, kwa sababu ya kitu kilekile kinachonilaza mimi wodini. Sijapata mahubiri yaliyogusa jambo hilo, na sitajifanya ninalo fundisho lake. Ila kila mtu akianza kuniambia laana ya ukoo, namwambia ukoo ulilindwa, na mimi ndiye niliyelipa sehemu ya bili.

Mtu wa kwanza ambaye ugonjwa huu uliandikwa kitabibu kutokana na damu yake alikuwa Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa anasomea udaktari wa meno Chicago. Daktari James Herrick alichapisha habari zake mwaka 1910. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao, akang'oa watu meno miaka kadhaa, akafariki 1916 kwa nimonia akiwa na miaka 32. Mimi nimeshampita umri. Huwa namkumbuka kwenye maombi ya shukrani, ingawa hatukujuana na dhehebu lake silijui.

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya niandike.

Miaka ya nyuma ulikuja mjini kwetu mkutano mkubwa wa injili. Mhubiri alitoka mbali na jina lake halina kazi hapa. Jioni ya tatu aliita wenye magonjwa ya damu, majirani wakanisukuma mbele. Wenzangu walianguka walipowekewa mikono. Mimi sikuanguka, nyonga yangu ya kushoto imeliwa na ugonjwa, hainipi ruhusa ya kuanguka ovyo. Kisha akasema anayeamini aweke dawa zake jukwaani. Zikaja karatasi za vidonge, chupa za maji ya dawa, fimbo, hata miwani. Mama alikuwa nyuma yangu. Akaubana mkoba wenye vidonge vyangu kwapani kama mtu aliyepanda daladala yenye vibaka, akaninong'oneza: "Mwanangu, amina nyingine tutaitikia. Hiyo hapana."

Wiki ile haikuisha nikawa nimelazwa. Dada mmoja tunayesali naye akaja na kuniambia kwa upole kabisa, ndiyo maana iliniuma, kwamba nilipokea lakini imani yangu iliyumba njiani. Kwa hiyo pamoja na nyonga, nikapewa na kesi.

Mama yangu si msomi. Aliishia darasa la saba, akalima karanga na viazi Sikonge kabla ya kuhamia mjini. Siku ile wodini alisema jambo ambalo wachungaji wengi wangehitaji kurasa kulisema: "Hao waliotuletea Injili walikuja na sanduku la dawa. Hawakuja na nusu." Na ni kweli, ukitazama mkoa wetu. Sikonge, Wamoraviani walijenga kanisa na hospitali, na wagonjwa wa ukoma walikuwa na makazi yao pale wakati ambao hakuna kijiji kilichowataka. Ndala, upande wa Nzega, hospitali ni ya Wakatoliki. Nkinga, Igunga, ni ya Wapentekoste, hao hao ambao sisi wa liturujia tunawasema kwamba kwao ni kukemea tu. Mpentekoste wa Nkinga anakuombea na anakuchoma sindano, na hajui kama kuna mgogoro.

Na kama mtu anataka mfano wa zamani zaidi, apande bodaboda hadi Kwihara, si mbali na mjini. Pale kuna tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Wengi tulipelekwa na shule, tukaonyeshwa nyumba ya udongo, tukala maembe, tukarudi. Hatukuambiwa mgeni yule alikuwa mgonjwa kiasi gani. Mnamo Januari 1867 wapagazi walimtoroka na sanduku lake la dawa, lenye kwinini yote, dawa ya malaria, naye akaandika kwamba alijiona kama mtu aliyehukumiwa kufa. Huyo ni mmisionari, mtu wa sala asubuhi na jioni. Baadaye vidonda vya miguu vilimfunga Bambarre, katika nchi ya Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa muda mrefu. Kule Manyema, kwa maelezo yake mwenyewe, aliisoma Biblia nzima mara nne. Alifika Ujiji Oktoba 1871 akiwa hoi, akakuta mali yake imeuzwa, mpaka mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipomkuta Novemba. Wakaja wote Kwihara Februari. Stanley akaondoka Machi, mzee akabaki kusubiri wapagazi hadi Agosti, akashika njia ya kusini, akafa Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, wakipitia tena Kwihara.

Simtetei kwa yote, na waliokuja nyuma yake na bendera ni habari nyingine. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyewahi kuniambia Livingstone alikufa kwa kukosa imani. Alitafuta kwinini, akaomba, akaumwa, akaendelea kuomba, akafa anaomba. Tukimsimulia yeye tunaita ushujaa. Akifanya hivyo binti wa Cheyo tunaita mlango wazi.

Tena si Livingstone tu. Barua za Paulo zina wagonjwa ambao mikutano ya uponyaji huwaruka. Timotheo alikuwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara. Paulo, ambaye leso zake zilipelekewa wagonjwa wakapona, hakumtumia leso. Alimwambia aache kunywa maji matupu, atumie divai kidogo, ambayo kwa wakati ule ilikuwa ni ushauri wa tiba. Epafrodito aliumwa kiasi cha kufa, na Paulo anasimulia bila kuona haya jinsi alivyoogopa kupata huzuni juu ya huzuni. Trofimo je? Mstari mmoja tu, mwishoni mwa barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4: Paulo alimwacha Mileto, mgonjwa. Basi. Hakuna maelezo kwamba Trofimo alikiri vibaya. Msafara ulikwenda, yeye akabaki kwa wenyeji wa Mileto. Huwa nawaza nani alimpikia uji.

Na Paulo mwenyewe na mwiba wake. Aliomba mara tatu. Jibu alilopata lilikuwa la kumwongezea neema, na mwiba ukabaki. Kuna waumini wanaoomba mara tatu kwenye ibada moja kisha wanashangaa.

Ndipo nafika kwenye saburi. Warumi 5 inasema dhiki kazi yake ni kuleta saburi, na tumeichukua saburi tukaifanya kuwa mdomo uliofungwa. Mgonjwa mwema ni yule asiyelalamika, anayetabasamu mgeni akiingia, anayesema "si haba". Lakini Yakobo anapotafuta mtu wa mfano wa subira anamtaja Ayubu, na Ayubu hakunyamaza. Sura ya 3 nzima anailaani siku aliyozaliwa. Anamwita Mungu mahakamani. Rafiki zake wanamtetea Mungu kwa ufasaha, sura baada ya sura, na mwisho Mungu anawaka hasira juu yao na kusema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Aliyelalamika ndiye aliyepewa haki. Alichofanya Ayubu, kwa ninavyomsoma, ni kukataa kuhamisha kesi. Aliipeleka kwa Mungu yuleyule, kila asubuhi, akiwa amekasirika.

Kwa upande wangu saburi haina sura ya kiroho sana. Ni kidonge cha foliki kila siku, hata siku najisikia vizuri. Ni haidroksiyurea, dawa iliyoanzia kwenye saratani, ambayo Marekani iliidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Inapunguza makali ya mashambulizi, lakini inataka kupimwa damu mara kwa mara na inataka hela, na kuna miezi ambayo hela inashinda. Ni chandarua. Ni sweta kwenye mkesha wa Pasaka wakati wenzangu wanajipepea. Ni kumwambia kiongozi wa kwaya kwamba sitasimama kwa nyimbo zote, na kumwambia tena mwaka unaofuata, kwa sababu amesahau. Sisi Wamoraviani husalimiana "Mwanakondoo ameshinda", na mwenzako anajibu "Tumfuate". Kuna siku kumfuata kwangu ni kutoka kitandani hadi chooni.

Naomba niingie wodini kidogo, maana huko ndiko watu wanakokuja kututembelea na huko ndiko wanakoharibu.

Usiku mmoja ninaoukumbuka vizuri, maumivu yalikuwa yameshika nyonga na mgongo. Dripu inakwenda. Sindano ya maumivu nilikuwa nimechomwa mchana, na muuguzi wa zamu, msichana mdogo aliyekuwa peke yake kwenye wodi iliyojaa, aliona nimeizoea, nadeka. Sikuweza kumweleza. Mama alimimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai ndani ya beseni, akatumbukiza kanga, akaikamua huku anapuliza vidole, akanifunga kiunoni. Ikipoa anarudia. Chupa ilipokwisha, kitanda cha pili kulikuwa na bibi mmoja wa Kanyenye, Mwislamu, amelazwa kwa kisukari. Hakusema kitu. Akamwamsha mjukuu wake aliyelala sakafuni, akampa chupa yake, "Mpelekee mwenzio." Kulipokucha akanimiminia uji wake kwenye kifuniko. Nikasema sina hamu. Akasema, "Mgonjwa haulizwi uji," akanishikia.

Mchana wakaja watu wa kanisa. Kundi zuri, watu wa nia njema. Wakazunguka kitanda, wakaimba, wakaomba kwa sauti mpaka mgonjwa wa pembeni akajifunika. Mmoja akasema Mungu hakupi jaribu unaloshindwa. Mwingine akasema ana ndugu yake aliumwa hivihivi akafa, lakini mimi nisijali. Wakaniachia juisi ya boksi, ya baridi, kutoka kwenye friji.

Alibaki mama mmoja wa idara ya akina mama, ambaye kanisani hata sauti yake huisikii. Akavuta stuli. Alikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwenye mfuko wa rambo na akaanza kuyala mwenyewe, ananipa kipande kimoja kimoja, ananiambia habari za sokoni: bei ya asali imeshuka, yule kijana wa bodaboda ameoa. Akamwambia mama yangu aende nyumbani akaoge alale. Mama akaenda. Yule mama alikaa mpaka jioni, akafua kanga zangu kwenye bomba la nje, akazianika kwenye ua. Wakati wa kuondoka akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema, "Bwana, huyu ni wako, unamwona," akaondoka. Rafiki za Ayubu nao walianza vizuri, siku saba mchana na usiku wamekaa naye chini bila neno. Shida ilianza walipofungua vinywa.

Kuna ziara nyingine ambayo haina wimbo kabisa, ile ya damu. Nikihitaji kuongezewa, ndugu wanatakiwa waje kuchangia, na ndugu zangu wengi ama hawafai ama wameshachangia. Vijana wa ushirika wetu walijipanga wenyewe bila kutangaza, wana orodha kwenye simu. Mmoja ni fundi pikipiki, huja na ovaroli yake yenye oili, anatoa mkono, anakunywa soda yake, anarudi gereji. Siku moja nilimwambia asante akaniambia, "Dada, si tunaimba damu kila Jumapili?" Sikuweza kumjibu kwa kucheka.

Vijana haohao ndio wanaoanza kuuliza habari za kupima kabla ya kuoana, na hapo nataka kanisa lisikwepe. Kwenye mafunzo ya ndoa tunawafundisha bajeti, mahari na wakwe, tunawapeleka kupima virusi vya UKIMWI. Selimundu haimo. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Nimesikia hoja kwamba kupima ni kukosa imani, na hoja nyingine kwamba wakijikuta wote wabebaji wataachana na harusi imeshachapishwa kadi. Wapo watakaoachana, wapo watakaooana wakijua, wakimpeleka mtoto kliniki wiki za kwanza badala ya kwa mganga. Mama yangu anasema angejua, angefanya vilevile ila dumu la maji angelinunua mapema. Anavyojibu hivyo huwa hacheki.

Kuna mvulana wa kwenye ushirika wetu, mtoto wa mwanakwaya mwenzangu, ana selimundu, yuko kidato cha tatu. Mama yake alimleta kwangu kwa sababu shuleni anapigwa kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtu mwenye ugonjwa wetu anakunywa maji mengi na figo zake hazijui kuyashika, lazima atoke. Nilimwandikia barua ya kupeleka kwa mwalimu wa darasa, na tukaongea habari za soksi na sweta. Mama yake alipotoka nje kupokea simu, akaniuliza, "Dada, hivi wewe huwa hukasiriki na Mungu?"

Nikamwambia nakasirika. Nikampa Zaburi ya 88, aende akaisome.

Akarudi Jumapili iliyofuata baada ya ibada, amekunja uso. "Dada, hii imekosewa? Haina mwisho. Zingine wanalia halafu wanasifu. Huyu analia mpaka giza, inaisha."

"Haijakosewa. Imeishia hapo."

"Na imewekwa kwenye Biblia?"

"Imewekwa."

Akafikiri. Akauliza inasomwa siku gani kanisani, maana yeye hajawahi kuisikia. Nikatafuta kichwani, kwa miaka yote niliyosoma masomo madhabahuni, sikukumbuka hata mara moja. Nikampelekea mchungaji ombi, nikaandika na jina la msomaji, la kijana yule. Mchungaji ameipokea karatasi, ameisoma zaburi yote amesimama palepale mlangoni, akakuna kichwa. Amesema ataangalia, labda Juma la Mateso.